Kizuri hakijiuzi: Namna ya kumwonyesha mteja bidhaa, na mafunzo kutoka Amu

WAHENGA walinena kuwa kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Huenda aliyeitunga methali hiyo hakuwahi kusimama na kofia zilizodariziwa kwa mkono katika Usita wa Mui, kisiwani Amu, wakati wa kusi ambapo watalii ni haba na Maulidi bado yako mbali.

Katika njia hiyo nyembamba inayoupasua mji kutoka Mkomani hadi Langoni, vizuri ni vingi mno. Kuna makasha ya mbao yenye nakshi, pete za fedha, viatu vya ngozi vya Siyu na mikeka ya Matondoni. Vyote vimekaa kimya. Kinachovitofautisha machoni pa mgeni ni jinsi mwenye navyo anavyovieleza.

Suala hili si la mapambo. Mji wa kale wa Amu uliingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na riziki ya mafundi na mabaharia wengi ikazidi kufungamana na wageni. Kisha yakaja matukio ya utekaji nyara ya Septemba na Oktoba 2011, shambulio la Mpeketoni la Juni 2014 pamoja na kafyu ya usiku iliyofuata, na baadaye janga la Korona la 2020. Kila mara wageni walitoweka kwa miezi, na waliporejea walikuwa wachache. Biashara inapokuwa katika hali hiyo, mteja mmoja anayeingia dukani na kutoka mikono mitupu ni hasara inayoonekana jikoni jioni iyo hiyo.

Makala haya yanahusu stadi ya kuwasilisha bidhaa au huduma mbele ya mnunuzi ili aifahamu, aiamini na aamue. Si kunadi kwa sauti kama dalali wa mnada, wala si kumbembeleza mtu hadi anunue ili aachwe aende zake. Wapo wanaodhani mambo haya matatu ni mamoja, na hao ndio wanaowafanya wageni watembee Amu wakiwa wameinamisha vichwa.

Barazani kwanza

Nyumba za mawe za Amu zina daka, ukumbi mdogo wa mbele wenye viti vya mawe pande mbili za mlango mkuu. Hapo ndipo mwenye nyumba alipompokea mgeni asiyekuwa wa jamaa, na hapo ndipo mengi ya biashara yalipozungumzwa.

Nahodha aliyeletwa na kaskazi kutoka Uarabuni kutafuta miti ya mikoko hakuulizwa papo hapo angenunua korja ngapi. (Korja, kwa msomaji asiyeijua hesabu hii, ni miti ishirini.) Alisalimiwa, akanywa kahawa, zikaulizwa habari za safari na za nyumbani. Mazungumzo ya fito, pau, mazio, boriti na nguzo, kila jina na unene wake, yalikuja baadaye. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku kuiuza miti hiyo nje ya nchi mwaka 1982. Adabu ya kuiuza haikupigwa marufuku.

Watu wengine huiona adabu hiyo kuwa upotezaji wa wakati. Ukweli ni kwamba salamu ni njia ya kukusanya habari bila kuhoji. Mgeni anayesema alifika jana ana siku za kuzunguka na kulinganisha, huyo usimharakishe. Anayesema ataondoka kesho kwa ndege hawezi kubeba kasha, kwani ndege ndogo zinazotua Manda zina mipaka ya mizigo. Anayesema amekuja na wazazi wake wazee hafai kuuziwa safari ya mashua itakayomlazimu mama kuvuka matope kwa miguu. Yote hayo hujulikana kabla ya bei kutajwa, iwapo mwuzaji amekubali kunyamaza.

Kunyamaza huko ndiko kugumu. Mwaka 1887, kampuni ya National Cash Register ya Dayton, Ohio, nchini Marekani, iliwaandalia wauzaji wa mashine zake za kuhesabia fedha maelezo ya kukariri kutoka mwanzo hadi mwisho. Maelezo hayo yaliuza mashine nyingi, na mtindo wake ukasambaa duniani kote. Hata leo unaweza kuusikia kwenye gati la Amu. Kijana humwendea abiria anayeshuka kutoka mashua ya Manda na kumimina kwa pumzi moja hoteli, ziara ya mji, safari ya Takwa, samaki wa kuchoma na bei. Abiria bado anatafuta mkoba wake.

Mtafiti Mwingereza Neil Rackham alichapisha mwaka 1988 matokeo ya uchunguzi wa mazungumzo ya biashara yapatayo 35,000. Aliona kuwa katika mauzo makubwa, wauzaji waliofanikiwa walikuwa waulizaji kuliko wasemaji, na mnunuzi ndiye aliyezungumza zaidi. Wazee wa barazani wasingeshangazwa na habari hiyo.

Kofia moja, wanunuzi wawili

Kuuliza kuna faida nyingine: bidhaa ile ile huhitaji maelezo tofauti kwa watu tofauti. Tuichukue kofia ya mkono.

Wakati wa Maulidi, Amu hupokea wageni kutoka pwani yote ya Afrika Mashariki na ng'ambo, wanaokuja kwa ajili ya sherehe za Msikiti wa Riyadha. Wengi wao wameivaa kofia tangu utotoni. Mtu kama huyo hahitaji kuambiwa kofia ni nini. Mazungumzo naye huwa mafupi.

"Shekhe, hii ni ya mkono kweli?"

"Itazame ndani, bwana."

Basi. Mnunuzi huigeuza, akatazama upande wa ndani jinsi uzi ulivyopita, akavipima kwa ukucha vitundu vilivyoshonwa kingo zake, akajua. Neno lolote la ziada lingemtia shaka, kwa kuwa bidhaa ya mkono haina haja ya wakili mbele ya mjuzi.

Mtalii wa kutoka Ulaya, au hata Mkenya wa bara anayefika Amu mara ya kwanza, ni mtu mwingine. Kwake yeye kofia iliyoshonwa na mashine na iliyoshonwa kwa wiki nyingi kwa sindano ni kofia mbili nyeupe zinazofanana, isipokuwa moja ni ghali mara nyingi zaidi. Akitajiwa bei bila maelezo huona anadanganywa. Wengi hukosea hapa kwa kuanza kusifu: nzuri sana, safi sana, ya asili. Sifa ni maneno ambayo hata mwenye kofia ya mashine anaweza kuyatamka.

Kinachofaa ni kuziweka kofia zote mbili kando kwa kando, zikiwa zimepinduliwa ndani nje, na kumwachia mgeni azitazame. Kisha aonyeshwe kofia ya tatu ambayo haijakamilika, yenye ruwaza iliyochorwa na sindano bado imechomekwa. Mwuzaji anaweza kueleza kwa sentensi mbili kazi iliyokwisha fanyika na iliyobaki. Mgeni hujipigia hesabu mwenyewe ya siku na macho yaliyotumika, na hesabu aliyoifanya mtu mwenyewe haibishani nayo.

Kuonyesha kushinda kusema

Mfano maarufu wa jambo hili ni wa Elisha Otis, aliyekuwa ametengeneza kifaa cha kuizuia lifti isianguke kamba inapokatika. Watu hawakumwamini. Mwaka 1854, katika maonyesho mjini New York, alipanda juu ya jukwaa la lifti hadi mahali pa juu mbele ya umati, akaagiza kamba ikatwe. Jukwaa lilishuka kidogo likasimama. Hakuhitaji hotuba ndefu.

Amu ina mfano wake, na kwa maoni yangu ni mzuri zaidi kwa sababu ulifanywa na mafundi wa hapa. Mwaka 2018 ilishushwa majini mashua iitwayo Flipflopi, yenye urefu wa takriban mita tisa, iliyoundwa kwa tani kadhaa za plastiki iliyookotwa na kuyeyushwa, kisha ikavikwa ngozi ya rangi iliyotokana na ndara zipatazo 30,000. Waundaji waliichonga plastiki hiyo kwa ujuzi ule ule wa kuunda jahazi la mbao. Mapema mwaka 2019 ikasafiri kutoka Amu hadi Zanzibar, mwendo wa kilomita kama 500, ikitia nanga katika miji ya njiani.

Waanzilishi wake walikuwa na hoja ya kuuza: kwamba plastiki ya kutumiwa mara moja ni ujinga, na kwamba taka ina thamani. Hoja hiyo ilikwisha andikwa katika ripoti nyingi ambazo hazikusomwa. Lakini mvuvi wa Kilifi au Mombasa aliyeiona mashua ya ndara ikiingia bandarini na tanga lake alisogea kuishika ubavuni. Aliyekwisha sogea na kushika ameanza kusikiliza.

Fundi wa makasha hana haja ya kukata kamba wala kusafiri hadi Unguja. Anayo patasi. Mteja akiona mkono wa fundi ukiitoa nakshi ya Kibajuni katika ubao wa msaji, na akapewa ubao chakavu ajaribu mwenyewe akashindwa, bei ya kasha imekwisha jieleza nusu. Hata harufu ya mbao mbichi ya karakana huuza kuliko taa za duka. Inashangaza kwamba baadhi ya maduka huficha karakana nyuma, kana kwamba vumbi ni aibu.

Nahodha na saa ya maji

Kuuza kasha ni rahisi kuliko kuuza safari, kwa kuwa kasha liko. Safari ya mashua haishikiki. Mnunuzi hulipia ahadi. Kwa hiyo nahodha anapowasilisha safari huuza kwanza uaminifu wake.

Tuseme wageni wanne wanataka kwenda Takwa, magofu ya mji wa Waswahili ulioko kisiwani Manda, uliohamwa karne ya 17. Njia ya huko ni mkondo unaopita katikati ya mikoko, na mashua huufuata maji yakiwa yamejaa. Maji yakipwa, safari ya kupendeza hugeuka kuwa ya kukanyaga tope. Saa ya maji kujaa nayo husogea mbele kila siku kwa karibu dakika hamsini. Nahodha anayeitikia "saa tatu asubuhi, hakuna shida" kwa kuwa ndiyo saa aliyoitaja mgeni ameuza vizuri leo na vibaya kesho.

Nahodha hodari hulianzia hapo hapo. Huwaonyesha wageni mstari wa maji kwenye ukuta wa gati, akawaambia kesho maji yatafika pale saa ngapi, hivyo wataondoka saa fulani na lazima waondoke Takwa kabla ya saa fulani. Akiwa na kijitabu cha majira ya maji hukifungua. Kikwazo alichokitaja mwenyewe kimegeuka kuwa ushahidi kwamba anaijua bahari. Wengine wote waliowafuata wale wageni tangu asubuhi waliahidi saa yoyote.

Upepo ni vivyo hivyo. Wakati wa kusi bahari ya nje huchafuka, na safari ndefu ya kaskazini hadi Kiwayu inaweza kuwa ya taabu. Kumwambia mgeni ukweli huo na kumpa badala yake safari ya ndani ya visiwa, pengine Matondoni akaone mashua zikiundwa, si kupoteza mauzo.

Yapo mambo manne ambayo lazima yatamkwe kabla ya mkono kupeanwa: ni chombo kipi hasa, na wageni wakaonyeshwe, ni saa ngapi kwenda na kurudi, chakula ni kipi na nani atakinunua, na bei ni ya mashua nzima au ya kila kichwa. Hili la mwisho ndilo chanzo cha ugomvi mwingi. Mgeni alielewa shilingi elfu kadhaa kwa wote, nahodha alikusudia kwa kila mmoja, na wote wawili walitabasamu jioni ya makubaliano. Bei iandikwe kwenye karatasi, hata kama ni nyuma ya pakiti ya majani ya chai.

Uongo wa "kale"

Hakuna neno linalouza Amu kama "kale", na hakuna linalodhuru kama hilo likitumiwa vibaya. Kasha lililochongwa mwaka jana, likasuguliwa kwa chai na kuachwa juani, huitwa la miaka mia mbili. Mwuzaji hudhani amejipatia faida. Kwa hakika amejiweka pabaya mara mbili. Mteja akimwamini, basi anauziwa kitu ambacho kwa mujibu wa Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 huenda hakiruhusiwi kutoka nchini bila kibali, na mgeni mwenye habari ataogopa. Asipomwamini, ameharibu sifa ya nakshi yote mpya iliyo dukani, ambayo ni nzuri kwa haki yake.

Wafua fedha wameonyesha njia iliyo safi zaidi. Huchukua vigae vya vyombo vya kauri vilivyovunjika na kuvitia ndani ya pete na vidani vya fedha vilivyofuliwa leo. Mgeni huelezwa wazi: kigae kilitoka katika sahani iliyovunjika, fedha ni mpya, kazi ni yangu. Hadithi haikuongezwa chumvi na pete zinauzika.

Mbele ya meneja wa hoteli

Mambo hubadilika kidogo kikundi cha wafumaji kinapokwenda kuuza mikeka na vikapu kwa hoteli au duka la Nairobi. Meneja hanunui kumbukumbu ya safari. Ana maswali makavu: mnaweza kuleta mingapi, lini, na wa hamsini utalingana na wa kwanza?

Kikundi kiende na sampuli tatu zilizofanana kabisa, si thelathini zenye rangi mbalimbali. Kiende na karatasi moja ya bei na vipimo. Asemaye awe mmoja, naye awe mtu anayejua ukili husukwa kwa siku ngapi ili asije akaahidi mikeka mia kwa wiki mbili mbele ya wenzake wanaomtazama kwa hofu. Kuhusu malipo, waulize siku hiyo hiyo kama hoteli hulipa taslimu au baada ya miezi, kwani miyaa hainunuliwi kwa ahadi. Picha za kuonyeshwa ukutani kwa kompyuta zina mahali pake. Kwa mkeka, mkeka wenyewe unatosha.

Mikutano iliyoanguka

Mfano mkubwa wa uwasilishaji ulioshindwa Amu haukuhusu kofia wala mashua. Ulihusu mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, wa megawati 1,050, uliokusudiwa na kampuni ya Amu Power kujengwa Kwasasi, upande wa bara. Mamlaka ya mazingira, NEMA, iliutolea leseni mwaka 2016. Shirika la Save Lamu na wakazi wakakata rufaa, na tarehe 26 Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ikaifuta leseni hiyo.

Sababu kuu ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mikutano ilikuwapo. Lakini iliyofanywa ilikuwa ya utangulizi, kabla ya uchunguzi wa athari kukamilika, na matokeo ya uchunguzi hayakurejeshwa kwa wananchi kwa njia ya kutosha wapate kuyasoma na kuyajadili.

Ni kweli kuwa ushirikishaji wa umma ni haki ya kikatiba, wala si mbinu ya mauzo, na si vyema kuchanganya mambo hayo mawili. Hata hivyo, mwenye kuuza anaweza kujifunza kitu. Watu waliambiwa habari za mradi walipokuwa hawana la kuuliza, na walipokuwa na maswali kuhusu moshi, majivu na samaki, aliyepaswa kujibu hakuwa amerudi. Nahodha anayetaja tope kabla ya kuulizwa hufanya kinyume chake.

Ghali ina maana tatu

Mwishowe hufika bei. Itajwe mara moja, kwa sauti ya kawaida, kisha mwuzaji anyamaze. Wengi huitaja na kuipunguza wenyewe kabla mteja hajafungua kinywa, na hivyo kumfundisha kwamba ya kwanza ilikuwa ya uongo.

Mteja akisema "ghali", asijibiwe kwa kupunguziwa papo hapo. Neno hilo lina maana zaidi ya moja. Kuna ghali ya asiyekuwa na fedha hizo; huyo aonyeshwe kitu kidogo bila kudharauliwa. Kuna ghali ya asiyeona tofauti; huyo arudishwe kwenye kofia mbili zilizopinduliwa. Na kuna ghali ya desturi, ya mtu anayejua kuwa Amu watu hupatana, naye angesikitika kama asingepewa nafasi ya kupatana. Kwa huyu wa tatu mwuzaji awe amekwisha amua moyoni bei ambayo hatashuka chini yake, na akifika hapo aseme hivyo kwa upole na aendelee kumimina chai.

Kazi ikiwa ya kuagizwa, ichukuliwe arbuni na iandikwe kipimo, aina ya mbao, siku ya kukamilika na salio. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, umbali si kisingizio tena cha kutotoa arbuni. Na iwapo kasha ni zito mno kwa ndege ya Manda, mwuzaji aliyeuliza mapema siku ya mgeni kuondoka anajua tayari litavuka kwa mashua ipi hadi Mokowe, na ni basi gani litakalolibeba kutoka hapo.